Tindo na Harusi ya Mzee Shayo

Moshi palikuwa na dogo mmoja muuza kava za simu, anaitwa Tindo, mfuko mtupu ila mdomo umejaa. Siku moja tajiri Shayo, aliyekuwa anamwozesha mwanawe, akamwita.

"Michango ya kamati hii hapa. Kalipie ukumbi, bendi na vinywaji. Ujira sina, utakula pilau. Na ukidokoa hata mia, unalala ndani!"

"Shaka ondoa, mzee. Risiti zote utapata."

Harusi ikafana. Shayo akazikagua risiti akitafuta pa kumkamatia, wapi! Hela zote zimefika. Akacheka, "Bwege we, umenitumikia bure!"

Mwezi uliofuata Shayo akapanda ndege kwenda Zanzibar. Akamkuta Tindo kiti cha mbele, anatafuna korosho.

"We kapuku! Nani kakulipia?"

"Si wewe, mzee! Kila kitu nililipia kwa kadi yangu ya mkopo, halafu deni la kadi nikalizima na hela zako. Benki inatoa pointi kila ukilipa kwa kadi. Pointi za harusi yako nikazibadilisha, ndo tiketi hii."

Shayo akampokonya tiketi, akaisoma mara mbili.

"Halafu mzee, yule mdogo wa mwanao uliyemwozesha anaoa lini? Mi nipo, tena bure kabisa."