Lundo la Nyati na Kokoto za Kindi

Hapo zamani za kale, upande wa Uchina, wakati miji ilikuwa bado ya wanyama, sauti moja ilipasua usiku: puu!

Kindi akaruka kitandani. Akatega sikio. Kimya. Hata ule mfereji uliokuwa ukiimba chini ya dirisha lake, churu, churu, churu, ulikuwa umenyamaza.

"Mume wangu, amka! Nyati ameshusha lango la maji."

"Tena?"

"Tena! Na mapema kuliko mwaka jana. Miti yetu ya chai itakauka yote."

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Mto ulikuwa mmoja, miji miwili. Upande wa juu palikuwa na Pembe Kuu, mji wa Bwana Nyati. Upande wa chini palikuwa na mji wa kindi, mitaa mitatu na soko moja, na jina lake Kokwa. Kila baada ya mavuno miji hiyo ilishindana kwa wingi wa vikapu vya mazao mbele ya Mzee Panda, yule dubu mweupe mwenye miwani myeusi ya manyoya. Mji ulioshinda ulikabidhiwa ufunguo wa lango la maji kwa mwaka mzima. Na desturi ilikuwa kwamba aliyeshika ufunguo mwaka uliopita ndiye aliyetangaza jina la mshindi.

Miaka tisa mfululizo Nyati alitangaza jina la mji wake mwenyewe. Lile la Kokwa hakuwahi kulitia mdomoni. "Pale pa chini," ndivyo alivyopaita, huku akitema majani.

Siku ya mashindano ikafika. Vikapu vya Pembe Kuu vilikuwa mia mbili, lundo kama kilima. Vya Kokwa vilikuwa sitini.

"Mwaka wa kumi huo!" Nyati akanguruma. "Mzee Panda, tusipoteze wakati."

Kindi akapanda juu ya kikapu, mkia wima. "Mzee Panda, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sema upesi, mwanzi wangu unapoa."

"Lundo tumeliona, Mzee. Lakini lundo halina tumbo. Wenye matumbo ni wakazi. Kwa nini kila mji usigawe vikapu vyake kwa wakazi wake, tukaona kila mmoja anapata vingapi?"

Nyati akapiga hesabu kwa kwato. "Sisi nyati tuko kumi. Vikapu mia mbili kwa kumi... ishirini kila mmoja! Na ninyi watafuna njugu?"

"Tuko thelathini, Bwana Nyati. Viwili, viwili."

"Viwili!" Nyati alicheka mpaka akapaliwa. "Nakubali! Nakubali mara mia! Mzee, igonge iwe sheria!"

Mzee Panda akagonga tasa lake la shaba. Ngooo! "Imekuwa sheria. Kila mkazi atupe kokoto moja katika chungu cha mji wake. Kokoto ikiingia, haitoki."

Mume wa Kindi akamvuta mkewe mkia. "Mama watoto, umetumaliza!"

"Nyamaza. Ngoja kidogo."

Nyati kumi wakatupa kokoto kumi. Ko! Ko! Ko! Kindi thelathini wakatupa thelathini. Kisha Kindi akachungulia chungu cha Pembe Kuu, akashika shavu.

"Hee! Kumi tu? Jamani, pole sana, Bwana Nyati. Mimi siku zote nilidhani Pembe Kuu ni mji."

"Unasemaje wewe?"

"Nasema ni kijiji. Hata mtaa wetu wa nyuma ya soko una wakazi zaidi ya kumi!"

Kwi, kwi, kwi! Kindi wote wakaangua kicheko. "Kijiji cha Pembe Kuu, hoyee!"

Pua za Nyati zikatoa moshi. "Kijiji? Mimi? Nina panya mia moja wanaonipandia mpunga!"

"Mbona hawamo chunguni?"

"Nina korongo mia moja wanaobeba vikapu! Nina vyura mia moja na tisini wanaokula wadudu shambani!"

"Maneno hayo, Bwana. Chungu kinasema kumi."

"Panya! Korongo! Vyura! Njooni hapa mtupe kokoto!"

Panya mmoja, matope hadi masikioni, akauliza taratibu, "Hata sisi? Sisi nasi ni wakazi?"

"Wakazi halisi! Tupa!"

Weee! Miaka yote walipanda, walibeba, walilinda, na hakuna siku waliyohesabiwa. Walikuja wakicheza. Ko! Ko! Kokoko! Chura mmoja alitupa kokoto yake, akarudi tena kwenye foleni kwa utamu wa jambo lenyewe, Mzee Panda akamdaka mguu.

"Mia nne!" Mzee Panda akatangaza.

Nyati akatuna kifua. "Nani kijiji sasa? Enhe? Nani?"

"Hakuna, Bwana Nyati," Kindi akasema kwa adabu. "Pembe Kuu ni mji mkubwa mno. Haya, tugawe."

Nyati akainua ukwato ahesabu. Ukabaki hewani. "Vikapu mia mbili... kwa wakazi mia nne..."

"Nusu kikapu, Bwana," Panya akamsaidia.

"Hapana! Hao ni vibarua tu! Watoeni chunguni!"

"Kokoto ikiingia, haitoki," akasema Mzee Panda.

"Wakazi halisi!" vyura wakaimba. "Umesema mwenyewe! Umesema mwenyewe!" Na panya, bila kungoja, walikwisha kushika nusu zao na kuanza kuzikokota nyumbani.

"Pembe Kuu, nusu kikapu kwa mkazi," Mzee Panda akasema. "Pale pengine, vikapu viwili. Bwana Nyati, leta ufunguo. Na utangaze mshindi."

Nanyi wadogo zangu, shikeni hili: ukitaka kujua utajiri wa mji, usitazame lundo lake, tazama sahani ya kila anayeufanyia kazi.

Nyati akautoa ufunguo. Akajikuna. "Mshindi ni... pale pa chini."

"Jina!" wakasema korongo.

"Pale kwa watafuna njugu."

"Jina! Jina!" wakapiga makofi panya, vyura na kindi, hata nyati wenzake wawili watatu.

Nyati akakohoa. Akatazama juu, akatazama chini, akamtazama Kindi aliyekuwa amekinga mikono, macho yakimmeremeta. Akafumba macho, akafumbua mdomo.

"Kokwa!"