Makoti Mekundu ya Kesterby

Wahenga waliposema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, walimaanisha kuwa msaada ulio mbali, hata ukiwa mnene kama gogo, haumfai mtu siku ya shida. Nyoka hangoji fimbo iletwe. Wahenga hao hawakuwahi kufika Kesterby, lakini ungedhani walilala huko wiki nzima.

Kesterby ni kijiji cha wakulima wa ngano katika nyanda za Kanada, ambako ardhi imelala tambarare hata mbwa akitoroka asubuhi, jioni bado unamwona. Kituo chake cha polisi kilikuwa na askari wanne katika makaratasi ya wakubwa. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Mwingine alihamishwa tangu majira ya baridi, ila jina lake lilibaki likilinda Kesterby, nalo halikuwahi kuchelewa kazini. Waliosalia ni Sajenti Verna Olynyk na konstebo mmoja, Laliberte. Verna alikuwa na uchovu ule usiotoka kwa kulala.

Kiangazi hicho wezi wa magari walikuwa wakiyazengea mashamba ya watu kama mwewe. Mzee Anton Pasichnyk, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa barabara ya changarawe, akaapa kukaa dirishani na bunduki yake. Verna alimwendea, akala pirogi zake, vile vitumbua vya viazi vya kwao Ukraini, zilizokuwa ngumu kama kokoto, akazisifu, kisha akasema:

"Mzee Anton, bunduki hiyo itakuja kumuua mtoto wa mtu, nami nije nikukamate wewe. Nipe niiweke kituoni."

"Nawe utanipa nini, binti Olynyk? Filimbi?"

"Nitakupa mimi mwenyewe. Ukiona gari usilolijua, nipigie. Nitafika kabla kahawa yako haijapoa."

"Mimi kahawa naipenda ya moto, ujue."

Mzee akampa bunduki. Baba yake Verna alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Angekuwa askari mwingine, angerudi na pirogi tu.

Haikupita muda, Inspekta Thwaite akapiga simu kutoka makao makuu. Mjini kulikuwa na Tamasha la Fahali, watu wakija kwa maelfu kutazama vijana wakirushwa na ng'ombe.

"Nawataka wote wa Kesterby," alisema, "pamoja na makoti mekundu ya sherehe. Wageni wanapenda kupiga picha."

"Afande, tuko wawili."

"Karatasi yangu inasema wanne."

"Basi iambie karatasi yako ije ikae kaunta."

"Sajenti, usinichoshe. Hapa nina umati, huko una ngano. Dharura zenu zitashughulikiwa na jirani zenu, kituo cha Dunmoor."

Verna aliguna. Mtu aliyechoka habishani. Hupiga pasi koti.

Gazeti la Kesterby, ambalo huandika hata shangazi wa nani kamtembelea nani na kaja na keki gani, liliweka picha yao ukurasa wa mbele: "Fahari Yetu! Askari Wetu Wote Waenda Kulinda Tamasha Hadi Jumapili." Mhariri alikuwa na nia njema, wala hakukosea hata herufi. Lingekuwa jambo zuri sana, kama wezi wasingejua kusoma.

Siku ya mwisho ya tamasha Verna alisimama kando ya hema la bia, ndani ya koti la sufu, jua likimchoma kama hindi. Askari walijaa mahali pale hata wakawa wanazuiana njia. Mtoto mmoja alijipangusa vidole vya sukari kwenye mkono wa koti lake. Mama mmoja alimbonyeza bega akauliza, "Wewe ni askari wa kweli?"

"Leo, mama, sina hakika."

Adhuhuri simu yake ikalia.

"Binti, kuna gari jeupe uani kwangu. Vijana wawili wanaizunguka pikapu yangu, na ufunguo umo humo humo. Kahawa nimeshamimina."

"Mzee, usitoke! Funga mlango!"

"Nifunge na nini? Tangu lini Kesterby tukawa na kufuli? Wewe uko wapi?"

"Niko mjini."

Mzee akasema taratibu, "Mjini. Basi itapoa."

Hakukata simu, aliiweka mezani tu. Verna akasikia mlango ukibamizwa, mzee akifoka kwa Kiukraini, injini ikinguruma. Halafu hakusikia kitu.

Akakata, akapiga kituo cha Dunmoor. Sajenti wa Dunmoor aliitikia upesi. Verna alimsikia mara mbili: mara moja sikioni, mara ya pili nyuma ya mgongo wake. Aligeuka. Mwenzake alikuwa pale kwenye kibanda cha aiskrimu, ndani ya koti jekundu, simu ya mkononi sikioni, mtoto wa watu begani, akitabasamu kwa picha.

Jirani ndiye aliyemkuta Mzee Anton amelala uani, nyonga imevunjika. Alijaribu kuizuia pikapu yake kwa mikono mitupu. Wezi hawakuonekana tena, wala pikapu.

Verna aliendesha gari hadi jioni, akaingia hospitali akiwa bado na koti lake.

"Umependeza," mzee alisema.

"Nisamehe, mzee wangu. Niliichukua bunduki yako, na mimi mwenyewe sikuja."

"Sote tumepata yetu. Wewe umepigwa picha, mimi nimepigwa dafrau."

Kabla hajajibu, Inspekta akapiga simu. Sauti yake ilichangamka kama ya bwana harusi.

"Hongera, Sajenti! Tamasha limeisha salama salimini, hata pochi moja haikupotea. Mwezi ujao kuna tamasha la muziki. Nipe wawili tu."

Verna alimtazama mzee aliyefungwa plasta, na gongo jipya la kutembelea lililoegemezwa kitandani. Akavua koti, akalitundika ukutani.

"Wachukue, afande."

"Safi. Wepi?"

"Wale wawili wa kwenye karatasi yako. Hawali, hawalali, na makoti yatawakaa vizuri. Mimi na Laliberte tunabaki Kesterby. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, utanikuta kaunta."

Akakata simu. Mzee Anton alicheka mpaka nyonga ikamkaripia. Alipotulia, alilishika lile gongo, akalivuta karibu na mkono wake, kwa maana sasa alikuwa amejua, kwa gharama ya mfupa wake mwenyewe, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.