Mstari Alioficha Bwana Mwaipaja

Sogeeni. Leo nawaletea kesi, na asiinuke mtu kabla ya kuikata.

Katika chama cha wafugaji wa maziwa kule Rungwe walikuwepo vijana watatu wa kompyuta. Gwakisa alijua kuiita grafu yoyote iliyo wazi kwenye ukurasa, nayo ikaitika. Subilaga alijua kuichungulia ndani, akaona kila mstari, hata uliofichwa. Anyosisye alijua kuiamuru ijichore upya palepale, mbele za watu.

Subilaga alikuwa na donge rohoni. Mama yake alikuwa mpokea maziwa wa chama, mpaka meneja, Bwana Mwaipaja, aliposema maziwa yanachacha kwa uchafu wa mikono yake. Akafukuzwa. Watu wakambandika jina, Mama Mikono Michafu, hata kanisani akaacha kwenda. Subilaga akaapa, "Mwaipaja, utanitambua!"

Siku ya mkutano mkuu, Mwaipaja akafungua ukurasa kwa nywila yake, akaonyesha ukutani grafu ya maziwa yaliyoharibika. "Mnaona? Tangu yule mama aondoke, tumepona." Akaketi kupigiwa makofi, ukurasa akauacha wazi.

Vijana wakaivamia kompyuta. Gwakisa akaiita grafu ile kati ya nyingi, ikaitika.

Subilaga akachungulia. Loo! Mstari wa joto la tangi la kupozea maziwa ulikuwemo. Yule bwana aliuficha tu, hakuufuta. Akaufichua. Lakini ukutani picha ilikuwa ileile.

"Vipi binti, umekwama?" Mwaipaja akacheka.

Anyosisye akabonyeza. Grafu ikajichora upya, na mstari wa joto ukapanda mbele ya wote. Kila siku maziwa yalipochacha, tangi la kupozea lilikuwa limezimwa, na ufunguo wa chumba cha tangi alikuwa nao Mwaipaja peke yake.

Akapiga magoti. Wafugaji wakanguruma, "Aliyemuumbua ndiye atakayetamka adhabu yake!"

"Bila mimi msingeifikia grafu," akasema Gwakisa. "Namsamehe."

"Bila mimi mngekodolea macho picha ya zamani," akasema Anyosisye. "Aende polisi."

"Mstari niliuona mimi, na mama ni wangu!" akafoka Subilaga. "Apite nyumba kwa nyumba na ndoo ya maziwa yaliyochacha, akitangaza kwamba mikono michafu ni yake!"

Mwaipaja bado yuko magotini. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: adhabu yake aitamke nani?