Mtungi Uliopakwa Rangi

Mtu mmoja alikuwa na mama, na mama alikuwa na mtungi. Mtu huyo, Shaali, alipika melini miaka ishirini na miwili. Alikunywa maji ya bandari zisizohesabika, na kila bandari aliwachosha wenzake kwa habari za maji ya mtungi ule: baridi, yenye harufu ya ubani, kwani mama yake, Bi Mize, hakuujaza kabla ya kuufukiza.

Aliporudi kwao Pemba alibeba kopo la rangi ya mafuta, ya buluu. Akaupaka mtungi wote, kisha akaurudia asije akaitwa bahili. Ukang'aa kama gari la harusi. Adhuhuri akawaita majirani waonje. Wakanywa, wakatazamana. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto.

"Kaka," akasema Raya, dada yake, "mtungi hupoa kwa kutoka jasho. Wewe umeuvika koti la mvua."

Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shaali naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini aliyemkusudia hakucheka. Bi Mize alikuwa amekaa mkekani, kiharusi kimempiga miezi mitatu nyuma. Siku mwanawe alipoingia na mvi zake na masanduku yake, alimtazama vizuri, kwa adabu, akauliza: "Mgeni huyu wa nani?" Rangi ile ilikuwa ya kumwamsha. Shaali alitaka kitu kimoja tu, aitwe "Shaa wangu" kama zamani, hata mara moja.

Daktari alikuwa amemwonyesha picha ya ubongo, akagusa doa jeusi kwa kalamu, akasema kumbukumbu za mama zilikuwa hapo. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamwambia roho haina doa, mama yu mzima ndani, mlango tu ndio umekwama. Shaali aliwaamini wote wawili, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na kwa yote mawili hakupata usingizi.

Akachukua msasa, akaanza kuikwangua rangi. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili ubavu mmoja ukatoka jasho, na maji yakapoa kidogo. Akapata tamaa. Siku ya tatu akakaza mkono, mtungi ukapasuka, maji yakamwagika mapajani mwake.

Akakaa palepale, katika tope. Ule ubaridi ulikuwa wapi? Haukuwa wa maji, maji yalitoka bombani, ya moto kama ya kila mtu. Haukuwa wa udongo, mtungi mkavu juani huunguza kama sufuria. Sasa umekwenda mahali, au haukuwahi kuwa kitu cha kwenda?

Raya akainama. Alikiokota kitako cha mtungi, kilichobaki na mafunda machache ya maji, akampelekea mama. Bi Mize akanusa ubani. Akafumba macho. Akanywa funda moja, polepole, kisha akakisukuma kile kitako upande wa Shaali.

"Mpe na mgeni," akasema. "Katoka mbali."

Shaali akakipokea kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yake siku zote: hakunywa akamaliza mbele ya mtu. Lakini jina hakuliita. Akabaki amekishika, maji yanachirizika katika ufa na kudondoka mchangani.

"Raya," akasema, "niambie kweli. Huyu ni yeye, au ni mazoea ya mkono tu?"

Raya akayatazama yale matone.

"Kaka, una kiu au una maswali? Maji yanakwisha."