Waliomcheka Dundu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, leo nina hasira. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wadudu na ng'ombe walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na mjane aitwaye Mbodze. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja, Kijivu, na maziwa ya Kijivu ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga aliyefiwa na mama.

Siku moja walikuja wakwe. Wameketi mkekani, kibuyu cha maziwa kinazunguka, mara dundu akapita katikati yao, kichwa chini miguu juu, akiviringisha donge lake la mavi ya ng'ombe. Wakwe wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mkubwa wao, Mwadzombo, akauliza kama katika nyumba hii hata mavi yana mchungaji.

Mbodze aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Hasira hasara, lakini nani alimwambia? Wageni walipoondoka alichemsha maji, akamwaga kwenye mashimo ya madundu. Akamwaga, akamwaga, akamwaga. Waliopona wakavuka bonde wakaenda zao.

Basi mavi yakabaki pale yalipoanguka. Yakakauka yakawa magumu kama vigae, na nyasi za chini yake zikafa. Nzi wakazaliana humo hata Kijivu akakosa raha. Maziwa yakapungua, yakapungua, yakakatika. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mbodze akamgombeza ng'ombe. Kijivu akajibu kwamba hawezi kula nyasi zinazonuka mavi yake mwenyewe. Akazigombeza nyasi. Zikasema zina njaa, chakula chao kimeanikwa juani badala ya kuzikwa. Akamgombeza nzi. Nzi akamshukuru kwa kumjengea nyumba, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Akavuka bonde, mtoto mgongoni, akamkuta dundu jike. Akamwomba arudi.

"Uliwachoma wanangu shimoni," dundu alisema. "Mimi nazika, nyasi zinakula, ng'ombe anakula nyasi, mjukuu wako anakunywa. Nani alikuwa akimlisha nani? Siji. Shika kazi hiyo wewe, uionje."

"Nitaishika," Mbodze alisema. "Lakini mtoto huyu hakukucheka."

Dundu akamtazama mtoto, kisha akaliendea donge lake.

Mbodze akarudi nyumbani. Mtoto akawa anashindia uji mwepesi wa kuombwa kwa jirani, naye bibi yake akainama malishoni. Akachimba, akazika. Akachimba, akazika. Akachimba, akazika. Mgongo ulimuuma, na kila alipoinama aliwalaani wakwe, kisha akajilaani mwenyewe. Mvua iliponyesha nyasi zikachipua, na maziwa yakarudi, kibuyu kimoja kidogo.

Wakwe walikuja tena. Walimkuta Mbodze ana mavi hadi viwikoni. Mwadzombo akacheka, akanyoosha mkono apewe kibuyu.

Mbodze alinawa mikono taratibu, akakichukua kibuyu, akamnywesha mjukuu wake mpaka kikaisha.

"Cheka mpaka ushibe, mkwe wangu," alisema. "Maziwa haya ni ya wanaozika mavi."

Kicheko kikamfia Mwadzombo kinywani. Na pale pale, kutoka upande wa bondeni, akatokea dundu jike, kichwa chini miguu juu, anasukuma donge lake. Mwadzombo akavuta miguu, akampisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe uliyecheka kule nyuma, kesho utazoa zizi.