Kwa Nini Watu wa Irindi Huitana Ng'ambo

Enzi hizo mto Mbaha ulikuwa bado haujapinda. Ulitoka mlimani, ukashuka moja kwa moja, ukapita katikati ya kijiji cha Irindi, na watu wakaishi kandokando yake, nyumba kwa nyumba, kuku wa huyu wakilala kwa yule. Hakuna aliyejenga mteremkoni. Nani ahangaike na mteremko ilhali tambarare ipo? Mlimani Ikongo, upande wa kaskazini, walikwenda kukata majani ya ng'ombe tu, kisha wakarudi. Asubuhi moshi wa majiko yote ulipanda ukawa wingu moja, na wachuuzi wa chumvi waliotoka nyikani waliuona wakiwa bado mbali, wakaambiana, "Irindi ile pale. Leo tutakula tushibe."

Katika kijiji hicho aliolewa mwanamke mmoja, Namkunda binti Kijo. Mumewe aliitwa Sangiwa, mtu mcheshi, mwenye kuimba kutwa nzima akiwa shambani, na nyimbo zenyewe alikuwa hazijui mpaka mwisho. Kaka yake Sangiwa, Mzee Mavura, ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji.

Mwaka huo Namkunda alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mvua ilinyesha kupita desturi. Mtama ulistawi, watu wakafurahi. Namkunda hakufurahi, kwa sababu alipokwenda kukata majani Ikongo aliona ardhi imepasuka. Mara ya kwanza ufa ulikuwa mwembamba, akauvuka akaendelea na kazi yake. Alipokwenda tena, aliingiza mkono ukazama mpaka kwapani asiguse chini. Na chemchemi ya hapo, ambayo watu walikuwa wakiinama tu na kunywa, ilikuwa inatoa tope.

Alishuka na mzigo wake wa majani, akapita kwa Mavura kabla ya kufika kwake. Alimkuta akifunga uzio wa zizi.

"Shemeji, mlima unataka kushuka," alimwambia. "Tuhame huku chini."

Mavura hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye midomo mingi ya kulisha. Alitazama tambarare yote ilivyokuwa nyekundu kwa masuke.

"Tukihama sasa nyani ndio watakaovuna, shemeji. Watoto watakula nini?"

"Kwanza wawe hai, ndipo waulize chakula."

"Tuvune kwanza," alisema Mavura. "Tukishavuna nitapanda mwenyewe niuone huo ufa."

Namkunda hakubishana naye. Alikwenda nyumbani, akazima moto, akayang'oa mafiga yake matatu jikoni, akayatia kwenye tenga yakiwa bado na joto. Kisha akaanza kupanda mteremko wa upande wa machweo, tumbo mbele, tenga kichwani. Wanawake waliokuwa wakipepeta nafaka walimwona, mikono ikasimama. Mwanamke akishang'oa mafiga, amehama, hilo halihitaji maelezo. Na wao pia walikuwa wameyaona yale maji ya tope. Mmoja aliinuka, akaingia jikoni kwake. Kisha wa pili. Kabla jua halijazama, mteremko ulikuwa umejaa wanawake na watoto na mbuzi, kila mtu akitafuta mahali pa kuweka mawe yake.

Sangiwa alimjengea mkewe kibanda cha migomba huko juu, akiimba. Asubuhi ya siku ya pili alisema, "Nashuka nikamchukue kaka. Mimi atanisikiliza."

"Usikae," alisema Namkunda.

"Nikae nifanye nini? Chakula changu kipo huku."

Jua lilikuwa utosini Ikongo ulipoanguka. Wenyewe husema haukutoa kishindo mara moja. Kwanza ndege wote walinyamaza, halafu miti ya juu ikaanza kutembea ikiwa imesimama. Namkunda aliona wanaume wakitoka mtamani, wakikimbilia mteremko wa upande wa mawio, maana ndio uliokuwa karibu nao. Alimtambua Sangiwa kwa mwendo wake, amemshika kaka yake mkono, anamvuta. Kisha vumbi na maji na udongo vikafunika kila kitu.

Vumbi lilipotua, tambarare haikuwepo. Palikuwa na mawe makubwa kama nyumba mahali palipokuwa na nyumba, na wengi waliobaki mtamani walikuwa chini yake. Mto ulikuwa umezibwa, ukavimba, ukawa ziwa la tope kati ya mteremko na mteremko. Juu hakukupitika kwa sababu mlima uliendelea kumomonyoka, na chini kulikuwa na korongo. Waliokuwa upande wa machweo wakabaki huko, waliokuwa upande wa mawio wakabaki huko. Wakatazamana.

Jioni hiyo Namkunda alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni.

"Sangiwa! Upo?"

Ng'ambo kulikuwa kimya, mpaka wanawake wakaanza kumshika mabega. Kisha sauti ikaja juu ya maji.

"Nipo, binti Kijo! Jiwe limenipiga ubavuni, lakini nipo!"

Hapo wanawake wote wakakimbilia ukingoni, kila mmoja akaita wake. Wengine waliitikiwa. Wengine waliita mpaka sauti zikakauka, wakaenda kukaa chini.

Wakawa wanaitana hivyo kila jioni, moto ukishawashwa. Sauti ya Sangiwa ilikuja, lakini kila siku ilikuja imechoka zaidi. Mvua haikukatika, na maji hayakupungua. Kisha jioni moja Namkunda aliita, na jibu likaja haraka, likiwa na nguvu.

"Nipo, Namkunda! Nipo!"

Namkunda alishusha viganja. Sangiwa hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina lake. Tangu amwoe alikuwa akimwita binti Kijo. Wanawake walimtazama, wakifurahi pamoja naye kwa jinsi mumewe alivyopata nguvu. Naye akaweka tena viganja mdomoni, akajibu, "Nashukuru! Lala salama!" Akaingia kibandani, akajifunika, akalia bila kutoa sauti.

Kesho yake jioni aliita tena, na kesho yake. Alipojifungua mtoto wa kike, aliita akamtangaza, na ile sauti ng'ambo ikaanza neno, ikaliacha. Halafu ikasema, "Nimesikia. Nimesikia, Namkunda."

Mvua zilipokwisha, maji yalitafuta njia. Yalishindwa kupita yalikokuwa yakipita zamani, yakalizunguka lile lundo la mawe, na hapo ndipo mto Mbaha ulipopata ule mpindo wake. Tope likakauka. Namkunda akamfunga mtoto mgongoni, akavuka juu ya mawe. Mavura alikuwa amesimama upande wa pili akimngoja, amekonda, mvi zimemjaa kichwani.

"Shemeji," alisema. "Aliniomba nisikuambie mpaka ujifungue. Nimekudanganya."

"Nilijua jioni ileile."

"Ulijua?" Mavura alimtazama. "Sasa mbona uliendelea kuita?"

"Nilisikia ulivyokuwa unaitika," alisema Namkunda. "Nikaona nikinyamaza mimi, na wewe utanyamaza."

Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake mkubwa. Kisha wakaenda wote kwenye kaburi.

Mavura alimsihi ahamie upande wake, akakataa. Mafiga yalikuwa yameshakaa, migomba imeshashika, na wale waliomfuata siku ile walikuwa huko. Watu wengi wa Irindi waliishukia nyika mwaka huo, wakaanza maisha mengine mahali penye udongo. Hawakulaumiwa. Waliobaki ni wachache tu, wale waliokuwa na mtu wa kumwita ng'ambo.

Na tangu siku hizo Irindi ni kijiji kidogo, chenye safu mbili za nyumba zinazotazamana, moja mawioni na moja machweoni, na katikati hakuna ajengaye; watoto huchunga mbuzi hapo na kuambiwa wasipige kelele. Jioni, moto ukishawaka, upande mmoja huita majina ya nyumba za upande wa pili, moja baada ya nyingine, "Mpo?" Na nyumba ikikosa mwenyewe, jirani huitika kwa niaba yake, kwa maana haifai jina liitwe lipotee hewani.

Siku hizi vijana wako Moshi, wako Arusha, wako mbali zaidi, na milango mingi ina kufuli. Upande wa mawio amebaki bibi mmoja na mjukuu wake. Lakini ukipita barabara ya juu jua likizama, ukasikia nyumba zile zikiitwa kwa majina na kila moja ikiitika "Tupo!", unaweza kudhani ng'ambo kumejaa watu.