Pimbi Anahamia Chuo cha Bwawani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na foleni!
Foleni ya kupata nini?
Ya kupata muhuri!

Basi kaeni mkao wa kusikia. Mwenye fomu mkononi aiweke chini, itamchosha bure.

Hapo kale, si kale sana, fomu zilikuwa zimeshaanza, paliondokea Pimbi. Binti huyu alikuwa mdogo wa kimo, mkubwa wa akili, naye alisomea uganga katika Chuo cha Mlimani, chuo cha wanyama wote. Akasoma mwaka wa kwanza, akafaulu. Akasoma mwaka wa pili, akafaulu. Mwaka wa tatu, wa mwisho, walimu wakagoma. Lango likafungwa, kwaa!

Mwezi ukapita, mwezi ukapita. Na pimbi wa majabalini hawakuwa na mganga hata mmoja. Watoto walikohoa, koho koho koho, wengine hawakuamka.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, hamia chuo kingine umalize."

"Kipo kimoja tu, mama. Cha Kiboko, kule bwawani. Lakini ghali hicho!"

"Wewe kaombe. Karanga tutachanga."

Ukoo mzima ukachanga, debe likajaa. Pimbi akajitwisha, akateremka mlima, tiri tiri tiri, mpaka bwawani.

Kiboko ndiye mwenye chuo, ndiye mkuu wa chuo, ndiye mweka hazina. Alikuwa kajilaza majini, pua tu nje. Karani wake, Kanga, alikaa ukingoni na kalamu sikioni.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba kuhamia."

"Ada ya maombi?"

Pimbi akatua debe. Kiboko akafunua kinywa. Kwachu, kwachu, gubu! Debe tupu.

"Haya, barua ya kukuruhusu kutoka chuo chako iko wapi?"

"Mheshimiwa, chuo kimefungwa. Nani atanipa barua?"

"Sisi hayatuhusu. Kalete barua. Na ada ya maombi hairudishwi."

Jamani! Pimbi akapanda mlima, pu pu pu. Msajili wa Mlimani alikuwa Nungunungu, naye kipindi cha mgomo alijifungia shimoni. Pimbi alikaa mdomoni mwa shimo siku tisa akibisha hodi. Siku ya kumi barua ikarushwa nje, imetobolewa na miiba, lakini ni barua. Ukoo ukachanga debe la pili. Pimbi akateremka, tiri tiri tiri.

"Ada ya maombi?"

"Si nilishalipa, Mheshimiwa?"

"Ile ilikuwa ya fomu ya zamani. Fomu ya zamani imepitwa na wakati."

Kwachu, kwachu, gubu! Kiboko akaitazama barua kwa jicho moja. "Matokeo yako ya miaka miwili yako wapi?"

"Si ungeniambia siku ile?"

"Siku ile hukuuliza."

Kanga akainamisha kichwa, akajifanya anachonga kalamu. Pimbi akapanda, pu pu pu. Shimoni, siku tisa. Matokeo yakapatikana. Debe la tatu likachangwa, safari hii nusu karanga, nusu maganda, maana ukoo ulikuwa umebaki na midomo tu. Akateremka, tiri tiri tiri.

Kwachu, kwachu, gubu!

"Matokeo mazuri sana," Kiboko akasema, akicheua. "Tatizo, masomo ya Mlimani hayalingani na ya huku. Utaanza mwaka wa kwanza."

Pimbi akageuka aondoke. Na palepale akasikia sauti anayoijua ikitoka darasani: "Mizizi iko aina tatu, andikeni!" Akachungulia dirishani. Alikuwa Nyani, mwalimu wake mwenyewe wa Mlimani!

"Mwalimu! Si mmegoma?"

"Kule nimegoma, binti yangu. Huku nafundisha."

"Unafundisha nini?"

"Yaleyale niliyokufundisha wewe. Ila huku chaki ni ya rangi."

Pimbi akatoka nje, akakaa juu ya jiwe. Akataka kulia, akaona hata machozi yataulizwa yana fomu gani. Akakaa hapo mpaka hasira ikapoa, na ilipopoa akili ikaingia. Akarudi ukingoni kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, ushauri nimeupokea. Basi kabla sijaanza upya, nikuibie siri. Shamba la maboga la Mlimani limezaa, na chuo kimefungwa. Maboga makubwa kama wewe! Yanahamishiwa chuo chochote kitakachoomba. Mimi ndiye niliyeachiwa kugawa."

Kiboko akatoka majini mzimamzima, chubwiii! "Naomba mimi!"

"Njoo kesho asubuhi."

Kesho yake Kiboko akapanda mlima, pu, pu, pu, anahema. Lango limefungwa kwa komeo. Ubavuni pa lango kuna ufa wa jiwe, na ndani ya ufa kuna Pimbi, pua tu nje.

"Maboga yangu!"

"Barua ya kukutambulisha iko wapi, Mheshimiwa?"

"Mimi? Nani asiyenijua?"

"Mimi nakujua sana. Faili ndilo halikujui."

Kiboko akatamani kumponda, lakini ufa ulikuwa mwembamba kama wembe. Na maboga aliyanusa. Akateremka, akaandikiwa barua na Kanga, akapanda. Pu, pu, pu.

"Barua nzuri," Pimbi akasema. "Nakala ya pili?"

"Hukusema nakala mbili!"

"Hukuuliza."

Akateremka. Akapanda. Jua likapanda naye.

"Nakala zote mbili zimo. Lakini hii imesainiwa kwa wino mweusi. Sisi tunapokea wa bluu."

Kiboko akageuka ateremke, miguu ikakataa. Jua la saa sita likampiga mgongoni, na ngozi ya kiboko, mnajua wenyewe, haitaki ukavu. Ikaanza kupasuka, tata tata tata. Akajibwaga mbele ya lango.

"Maji, mwanangu! Nakufa!"

"Pole sana, Mheshimiwa. Nyuma ya lango kuna dimbwi la tope safi."

"Nifungulie!"

"Kuna fomu."

"Ilete! Hata kumi!"

Pimbi akasukuma karatasi na bakuli la wino, wa bluu. Muhuri wa Chuo cha Bwawani ulikuwa wayo wa Kiboko. Hakusoma hata herufi. Akachovya, akakanyaga: puu! Pimbi akaivuta karatasi ndani ya ufa kwanza, ndipo akainua komeo. Kiboko akabingirika mpaka dimbwini, chubwi!

Juma lililofuata Pimbi aliingia ofisi ya bwawani na karatasi yake. Kanga akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anaonja asali: "Pimbi amepokelewa mwaka wa tatu. Masomo yake ya nyuma yametambuliwa. Ada yote imeshalipwa."

"Uongo!" Kiboko akanguruma. "Futa!"

"Wayo ni wako, bosi," Kanga akasema. "Na kanuni uliiandika mwenyewe. Muhuri ukishapigwa, haufutwi."

Pimbi akasoma mwaka wake wa tatu, safu ya mbele. Nyani akafundisha mizizi, Pimbi akamsahihisha mahali pawili. Akahitimu, akarudi majabalini na mkoba wa dawa. Na mtoto wa kwanza aliyempa dawa alikunywa, akakunja uso, akatema, akasema kwa sauti kubwa, "Chungu hii!" Majabali yote yakapiga vigelegele, maana siku mbili mtoto yule hakuwa na pumzi ya kusema neno.

Basi wanangu, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kufuata utaratibu. Jaza fomu kikamilifu, lipa ada kwa wakati, usimsumbue mkubwa kwa maswali, na mambo yako yatanyooka yenyewe bila hila yoyote. Mnacheka nini?

Ngano imekwisha. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda aandike malalamiko, nakala tatu, wino wa bluu, asubiri siku tisa.